Ndege wa Angani Wanakula Shamba la Nani?



Wapendwa vijana wenzangu, tafakari ya leo ni ndefu kidogo, naomba mnivumilie. Chukua Biblia yako ufungue Injili ya Mathayo, sura ya 6, aya ya 26. Yesu anaongea na watu wenye wasiwasi wa kula na kuvaa, na anawaelekeza kwa ndege, viumbe wasio na jembe wala ghala, ambao Baba wa mbinguni hawaachi na njaa. Soma mpaka mwisho wa aya, usiishie katikati. Mimi niliishia katikati kwa miaka mingi, na ndiyo sababu naandika.

Nilikuwa utumeni upande wa Ndalambo, wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe. Kwa msiopajua, ukishika lami ya Tunduma kwenda Sumbawanga, unapita Ndalambo kabla hujafika Laela. Ni nchi ya juu, asubuhi ina baridi yake, na watu wanalima mahindi, maharage na ulezi. Upande mmoja Zambia iko jirani kabisa. Upande wa pili ardhi inaporomoka kwenda bonde la Ziwa Rukwa, kwenye joto, na huko ndiko iliko Kamsamba na mashamba ya mpunga. Familia nyingi zina mguu mmoja juu na mguu mmoja bondeni.

Nilipewa kazi mbili: mafundisho ya Kipaimara katika kigango, na kuwalea vijana wa VIWAWA. Nilikuwa nimetoka kumaliza shahada ya falsafa, na kiukweli nilijiona niko vizuri. Niliweka utaratibu mkali kwa wanafunzi wa Kipaimara: ukikosa mara tatu bila taarifa, jina linakatwa. Katekista, mzee aliyefundisha hapo kabla mimi sijazaliwa, aliniangalia tu, akasema, "Sawa, Frateri." Sikujua kwamba "sawa" ya namna ile ina maana nyingine.

Alikuwepo kijana mmoja, ana miaka kumi na tano hivi. Mpole, anakaa benchi la nyuma. Kuanzia mwezi wa nne akapotea, wiki ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Mwezi wa sita akarudi, mweusi wa jua, amekonda. Nikamsimamisha mbele ya wenzake.

"Ulikuwa wapi?"

"Kamsamba, Frateri. Nilikuwa naamia ndege."

Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka. Halafu nikasema neno ambalo mpaka leo likinijia usiku nageuka kitandani. Nilisema, "Roho Mtakatifu alishuka kwa mfano wa njiwa, wewe mwenzetu ukaenda kufukuza ndege!" Darasa zima likavunjika mbavu. Nikachukua rula, nikapiga mstari juu ya jina lake. Yeye akakaa chini taratibu, akatazama daftari lake.

Jamani, utani ulikuwa mzuri. Ndiyo hatari yake.

*

Mwezi wa nane tukapanga safari ya vijana. Tulikuwa tunasoma pamoja waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2015, Laudato Si', juu ya kuitunza dunia kama nyumba yetu ya pamoja. Nikasema tusibaki kwenye kusoma tu, twende tukajitolee. Tukachagua Maporomoko ya Mto Kalambo, mkoani Rukwa, hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Tutaokota chupa na mifuko ya plastiki waliyoacha wageni, kisha tutatazama ndege, maana nilikuwa nimeazima darubini. Tukakodi Kosta, kila mmoja achangie anachoweza. Yule kijana hakuwa na pesa. Alileta mchele kwenye kiroba, kama kilo tano. Nikampokea bila kuuliza umetoka wapi.

Tulitoka gizani, tukapita Laela, Sumbawanga, Matai, tukafika jua limeshapanda. Kalambo ni mto wa mpakani, huku Tanzania, ng'ambo Zambia. Unatembea kwa utulivu kama mto mwingine wowote, halafu ardhi inaisha, na maji yanaanguka mita zaidi ya 200 bila kugusa kitu, kisha yanaendelea na safari yake kwenda Ziwa Tanganyika. Ni miongoni mwa maporomoko marefu zaidi Afrika. Vijana wangu waliokuja wanapiga kelele walinyamaza wenyewe.

Tulishuka ngazi na viroba vyetu, tukaokota. Kazi ilikwenda vizuri. Sema nusu ya muda ilikuwa kupiga picha za kazi. Mimi mwenyewe nilipigwa picha tatu nimeshika chupa ileile.

Tulipopumzika nikatoa darubini. Kwenye kuta za korongo lile, juu ya vibaraza vya mwamba, wanazaa marabu. Unamjua marabu hata kama hujui jina lake. Ni yule korongo mkubwa mwenye kipara, kimo chake kinaweza kufika mita moja na nusu, mfuko wa rangi ya nyama unaning'inia shingoni, miguu imepakaa choo chake mwenyewe kwa sababu ndivyo anavyojipooza na joto. Kampala wanamwita kaloli na wamemzoea majalalani. Nairobi anakaa juu ya miti ya barabarani, na wapita njia wanaharakisha wasidondoshewe zawadi. Mwanza mnamjua.

"Hee, ni hawa wa kwenye takataka?" binti mmoja akasema. "Pazuri hivi, halafu ndege wabaya hivi!"

Nikaona hapo ndipo pangu. Nikaanza kumwaga falsafa. Nikawaambia Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika sehemu ya kwanza ya Summa, swali la 47, anauliza kwa nini Mungu hakuumba kiumbe cha aina moja tu. Jibu lake ni kwamba wema wa Mungu ni mkubwa mno, hauwezi kuonyeshwa wote na kiumbe kimoja, kwa hiyo Mungu ameumba vingi na vya namna mbalimbali, ili kinachokosekana kwa hiki kionekane kwa kile. Kwa hiyo hata marabu, nikasema, anaonyesha kitu fulani cha Mungu.

"Kitu gani, Frateri?" binti akauliza.

Nikakwama. Nilikuwa nimejifunza kwamba kila kiumbe kinaonyesha kitu. Sikuwa nimewahi kumtazama marabu nione ni kitu gani.

Ndipo sauti ikatoka nyuma. Ni yule kijana. "Mimi hawa nawafahamu," akasema. "Wanatusaidia bondeni. Wanakula makinda ya kwelea."

Nikampa darubini. Akatazama muda mrefu, hakuna aliyemharakisha. Kisha akaanza kueleza, na nilimsikia akiongea kuliko miezi yote niliyomfundisha.

Kwelea kwelea ni kindege kidogo kama shomoro, mdomo mwekundu. Inasemekana hakuna ndege wa porini duniani aliye wengi kama yeye. Mmoja anakula kama gramu 10 tu za nafaka kwa siku, si kitu. Lakini hesabu kundi la milioni moja, na makundi ya namna hiyo si ajabu: ni tani 10 kwa siku, kila siku, mpaka shamba liishe. Wanajenga viota maelfu kwa maelfu kwenye miti ya miiba au kwenye mafunjo, na vifaranga wakishaanguliwa, marabu wanakuja. Wanatembea chini ya miti ile taratibu kama wazee wa kanisa, wanaokota makinda yanayodondoka na kuyatoa viotani. Kichwa chake hakina manyoya kwa sababu ya kazi yake: anakiingiza kwenye mizoga, na damu haina pa kugandia.

"Halafu ndege inakuja kuua ndege," kijana akasema, na safari hii tulicheka pamoja naye. Alikuwa anasema ndege ya kunyunyizia sumu. Inapita jioni kwelea wakishalala, asubuhi wamezagaa chini. "Sasa marabu naye anakuja kuwala waliokufa. Na yeye anakufa."

Akaturudishia darubini. Nikamuuliza siku yake ya kuamia ilikuwaje. Akasema anapanda dunguni saa kumi na moja alfajiri, kabla ya mwanga, kwa sababu kwelea hawachelewi. Ana kombeo, ana kopo la kugonga, ana kamba zilizofungwa makopo mpaka mwisho wa jaruba. Unapiga kelele mpaka sauti inakauka. Huwezi kushuka kwenda kula, mtu akikuletea unakula umesimama. Unashuka giza likiingia. Shamba ni la mjomba wake, na malipo yake ni magunia ya mpunga kwa ajili ya bibi yake Ndalambo, anayemlea yeye na wadogo zake wawili.

"Mbona siku ile hukunieleza hivi?" nikamuuliza.

Hakunijibu kwa hasira. Alisema tu, "Ulicheka, Frateri."

Mchana tukala wali. Ulikuwa mchele wake.

*

Usiku ule sikulala vizuri. Niliwasha taa ya simu, nikafungua Agano Jipya la Kigiriki nililokuwa nalitumia seminari. Kitenzi ambacho Mathayo ameandika pale Yesu anaposema tuwatazame ndege ni emblepo. Maana yake ni kukaza macho, kutazama kwa makini mpaka ndani. Kupita na kuona tu kuna kitenzi chake kingine.

Nikatafuta kitenzi hicho kinatokea wapi tena. Marko 10, aya ya 21: yule tajiri anapiga magoti mbele ya Yesu, na kabla Yesu hajamwambia neno gumu la kuuza mali zake, Marko anasema alimtazama, kitenzi kilekile, na akampenda. Luka 22, aya ya 61: Petro amemkana mara tatu, jogoo amewika, Bwana anageuka na kumtazama. Kitenzi kilekile. Petro anatoka nje analia.

Unaona mpangilio? Kwa tajiri, kutazama kulitangulia karipio, na katikati kulikuwa na upendo. Kwa Petro, hakuna karipio kabisa. Macho yalitosha. Mimi nilikaripia kwanza, nikachekesha, nikapiga mstari. Kutazama kulikuja miezi miwili baadaye, tena kwa msaada wa darubini ya kuazima.

Siku iliyofuata nikaenda kwa bibi yake. Nilimkuta anapepeta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Frateri. Karibu, kaa hapo."

Nikakaa kwenye kigoda. Nikajikanyaga kidogo, nikaomba radhi. Alinisikiliza huku ungo unaendelea. Mwisho akasema, "Frateri, nasikia mnawafundisha watoto kwamba Mungu anawalisha ndege. Ni kweli kabisa. Anawalishia kwetu."

Nilitaka kucheka, nikajizuia, nikaona na yeye anatabasamu. Kisha akaweka ungo chini. "Simlalamikii Mungu. Ndege ni wake na mpunga ni wake. Ila huyu mtoto asihesabiwe mtoro."

Ndugu yangu kijana, nina shahada ya falsafa na sikuwa na jibu pale. Nilikuja kulipata baadaye, na ni hili.

Yesu alijua vizuri ndege wanakula kwa nani. Alikulia Galilaya, kati ya wakulima. Katika mfano wake wa mpanzi, Mathayo 13, aya ya 4, mbegu za kwanza kabisa kupotea zinaliwa na ndege. Kwa hiyo aliposema watazameni ndege, alikuwa anaongea na watu ambao huenda asubuhi hiyo walikuwa wamewafukuza kwenye ngano. Hakuwaambia waache kulima, wala hakuwaambia hawataibiwa. Aliwapeleka kwenye swali linalomalizia aya, lile ninalokuomba usiliruke: anauliza kama wao hawana thamani kubwa kuliko ndege hao.

Swali hilo ndilo lengo la aya yote. Anayewatazama ndege vizuri anaishia kumtazama binadamu, na kuona kwamba kama Mungu anajali kindege cha gramu chache, basi yule mtoto juu ya dungu, sauti imemkauka, anajaliwa kiasi gani! Mimi nilikuwa nimemweka Mungu upande wa njiwa, na mtoto upande wa wanaofukuza njiwa. Niliisoma Injili kichwa chini miguu juu.

Na yule binti aliyeuliza marabu anaonyesha nini cha Mungu? Nilimjibu Jumapili. Nilisema: anaonyesha kwamba Mungu ana kazi yenye heshima kwa kiumbe ambaye sisi tumekitupa jalalani, na kwamba akitafuta pa kulelea vifaranga vyake, Mungu hamnyimi kibaraza kwenye maporomoko mazuri kuliko yote tuliyoyaona. Papa Fransisko katika waraka ule anasisitiza kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini lazima visikilizwe pamoja. Sisi tulikwenda Kalambo kusikiliza kilio cha dunia, na kilio cha maskini tukawa tumekibeba ndani ya Kosta, kimekaa siti ya nyuma na kiroba cha mchele.

*

Nilikwenda kwa paroko kuomba jina lirudishwe. Alinisikiliza, akauliza swali moja: "Umemwomba msamaha mbele ya wale waliocheka?" Sikuwa nimefanya hivyo. Nilimwomba bibi, nilimwomba yeye pembeni. Mbele ya darasa, hapana. "Basi anza huko," akasema.

Jumamosi nilisimama. Nilisema nilimcheka mwenzenu na nikawafundisha na ninyi kucheka, na nilikosa. Miguu ilikuwa inatetemeka kuliko siku ya mtihani wangu wa mwisho wa mdomo chuoni. Kuhusu masomo aliyokosa, katekista alikohoa akasema yule kijana alikuwa anakuja kwake jioni tangu mwezi wa sita, wameshayamaliza. Hapo ndipo nikaelewa ile "Sawa, Frateri". Mzee alikuwa ametazama kabla yangu.

Alipokea Kipaimara pamoja na wenzake. Lakini mpunga hauishi kuiva kwa sababu mtu amepakwa krisma, na msimu uliofuata mjomba alimwita tena. Mimi nilikuwa nimesharudi seminari. Nikatumiwa picha kwenye simu: vijana wawili wa VIWAWA juu ya dungu, Kamsamba, wanagonga makopo. Walikuwa wamepeana zamu ili yeye abaki shuleni. Waliweza wiki mbili tu, zilizobaki alikwenda mwenyewe. Wiki mbili si suluhisho la mambo yote, na mahali pa mtoto ni darasani. Ila kujitolea kwao kulianza na kumtazama mtu mmoja na kuuliza anahitaji nini.

Kwa hiyo wiki hii nakuomba mambo matatu.

Kwanza, tenga dakika kumi umtazame ndege mmoja. Huhitaji darubini wala kwenda Kalambo. Shomoro wa dirishani anatosha, hata kunguru. Usimpige picha. Tazama tu, na mwisho umwambie Mungu asante kwa kitu kimoja ulichokuwa hujakiona.

Pili, kuna mtu ameacha kuja kwenye jumuiya yenu, kwaya yenu, TYCS yenu. Kabla hujasema "amepoa kiimani", mfuate umuulize anaamka saa ngapi na anafanya nini. Uliza kama mtu asiyejua.

Tatu, kama uliwahi kumchekesha mtu hadharani na akaumia, usiishie kumwomba radhi faraghani. Rudi pale pale watu walipocheka.

Tuombe. Ee Yesu, uliyemtazama tajiri ukampenda, na kumtazama Petro akalia, tupe macho yako. Utuonyeshe waliokaa benchi la nyuma. Utusamehe utani wetu uliojeruhi. Na wale wanaoamka alfajiri kulinda nafaka tunayokula, uwalinde, uwape msimu mwema na watu wa kuwapokea zamu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo, na Jumapili njema.